Mama Mfuko na Ugomvi wa Wakubwa

Hakuna mtu anayesifia mfuko wa suruali. Watu husifia kitambaa, husifia mkato, husifia jinsi suruali ilivyomkaa mvaaji, lakini mfuko hukumbukwa siku ulipotoboka na ufunguo ukapotelea njiani. Mwanamke tunayemsimulia hapa alishona mifuko kwa miaka ishirini na miwili, kiwanda kimoja, safu moja, kwenye kiti kimoja kilichobadilishwa mguu mara mbili, na wala hakuona kwamba ameonewa. Kiwandani walimwita Mama Mfuko. Mwanzoni lilikuwa jina la kumchokoza tu. Baadaye hata karani alianza kuliandika kwenye orodha ya mahudhurio, na mwenyewe hakulalamika.

Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na vidole vinene ambavyo ungedhani ameviazima kwa mtu mwingine. Ushonaji alifundishwa na shangazi yake, fundi wa viraka aliyekaa kibarazani na cherehani ya kukanyaga, mama asiye na muda wa kumbembeleza mtu. Nguo ikiletwa, kabla hajamsikiliza mwenye nguo, shangazi aliigeuza ndani nje, akaikagua mshono kwa mshono, kisha akatoa hukumu: huyu aliyeshona ana haraka, huyu macho yamekwisha, huyu siku hiyo alikuwa amegombana na mkewe. Wateja walicheka wakidhani ni porojo. Msichana aliyekaa kando akishika pindo hakucheka, kwa sababu alikuwa anaona kilekile anachokiona shangazi. Alipofikisha miaka ishirini aliweza kuingia soko la mitumba na kukuambia suruali ipi na ipi zimetoka mkono mmoja.

Kiwandani walimpokea pamoja na kipaji hicho bila kujua kwamba wamekipokea. Walimpa cherehani, wakamwonyesha mfuko, wakaenda zao.

Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo refu la mabati, lenye mapangaboi yanayozungusha joto kutoka kona moja kulipeleka nyingine, na laini za cherehani thelathini thelathini. Kitambaa kilitoka kwa taifa moja kubwa. Suruali zilizokamilika zilikwenda kwa taifa jingine kubwa. Redioni mataifa hayo yana majina, na wewe unayajua, lakini laini ya mifuko haikuwa na haja nayo. Wa kwanza waliwaita Wenye Kitambaa, wa pili waliwaita Wenye Oda. Zipu na vifungo vilitoka kwa Wenye Kitambaa. Kitabu cha vipimo, kinene kuliko kitabu cha dini, kilichosema kila mshono uwe na urefu gani, kilitoka kwa Wenye Oda. Kwa hiyo ukiitandaza suruali moja mezani ulikuwa unayatandaza mataifa mawili yasiyosalimiana, yamelala chali pamoja, yameshikwa na uzi wa mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia.

Wakubwa hao walianza kugombana. Wenye Oda walisema wenzao wanauza mno na kununua kidogo, wakapandisha ushuru. Wenye Kitambaa wakalipiza, wakapandisha na wao, wakazuia hiki na kile. Asubuhi mmoja anatishia, jioni mwingine anajibu, na katikati ya wiki wanatuma watu wakae hotelini wazungumze. Mama Mfuko alikuwa na redio ndogo kwenye rafu ya jikoni, na habari hizo alizisikiliza kwa makini ambayo wengine huyaweka kwa mahubiri. Wanawake wa laini walipomuuliza kwa hofu kama hawa watu wanaachana moja kwa moja, aliwaondoa wasiwasi.

"Wapi waachane! Hamjaona mke na mume wanatukanana uani, halafu mmoja anauliza chumvi iko wapi? Ndio hao. Sisi tuombe wasirushiane vyombo, maana tumekaa katikati."

Ugomvi wa kwanza, tuseme ukweli, uliwaletea neema. Wanunuzi wa Wenye Oda waliukimbia ushuru wakahamisha oda zao kutoka kwa Wenye Kitambaa kwenda viwanda vya nchi nyingine kama hii, na kiwanda hiki kikaongeza laini mbili. Ndipo Wifi naye akapata kazi. Huyu alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Mfuko. Tangu msiba ule wanawake hawa wawili waliishi pamoja katika vyumba viwili, wakilea watoto watatu, wawili wa Mama Mfuko na mmoja wa Wifi, na kutaniana kutwa kama mawifi wanavyotaniana. Wifi alikuwa mnene, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Walimweka chumba cha kufungashia, kazi yake kushona lebo kiunoni mwa suruali. Alipenda kumwambia wifi yake kwamba kazi ya lebo ina heshima, maana lebo inasomwa, lakini mfuko wa ndani hausomwi na mtu.

Hapo Wifi alikosea, na inabidi kueleza kwa nini.

Miaka kumi na mmoja nyuma alikuja meneja mmoja aliyeweka sheria yake: suruali moja ikirudi na kosa, laini nzima itabaki saa mbili baada ya kazi. Wanawake thelathini walikaa wakitazamana kwa chuki kwa kosa la mmoja, na huyo mmoja mara nyingi hata hakujulikana. Mama Mfuko aliona huko si kufanya kazi, ni kulishana sumu. Sasa, kila mfuko ukimalizika, mshono wa mwisho kwenye kona ya chini hufungwa kwa kurudisha cherehani nyuma. Kitabu cha vipimo kilisema irudishwe mara mbili. Mama Mfuko akapita kimyakimya akamwambia kila mmoja achague namna yake ya kurudisha. Aliyeitwa Mrefu alirudi mara tatu. Mama Pacha alirudi mara mbili, akaruka nafasi ndogo, akarudi tena. Mama Mfuko mwenyewe alipinda kona kidogo kwenda kushoto kabla ya kukata uzi. Namna hizo waliziita sahihi.

Tangu hapo suruali ikirudi na kosa, Mama Mfuko aliutoa mfuko nje, akapitisha kidole gumba kwenye kona, akaenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Mwenyewe alirekebisha kabla meneja hajamaliza chai. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyebakishwa. Baada ya miezi miwili makosa yalikwisha kabisa, na meneja akapewa cheti cha usimamizi bora, akakitundika ofisini kwa fahari zote. Alipoondoka akaja mwingine, na mwingine, na hakuna aliyejua. Wasichana wapya walifundishwa sahihi zao wiki ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Siri hiyo ilikuwa na ubaya mmoja tu. Kwa kitabu cha Wenye Oda, mshono wa ziada ni kosa, na suruali yenye kosa hairuhusiwi kutoka. Kwa miaka kumi na mmoja kiwanda kizima kilikuwa kinasafirisha suruali mbovu.

Ugomvi wa pili wa wakubwa ulikuwa mkali kuliko wa kwanza. Ushuru ulipaa mpaka suruali iliyoshonwa kwa Wenye Kitambaa haikuweza tena kuuzika kwa Wenye Oda. Jioni moja Wifi alirudi nyumbani anacheka, akakaa kwenye kigoda, akasimulia maajabu ya siku. Kulikuwa kumeletwa katoni nyingi, hazikupita kwenye laini yoyote, zimeingia moja kwa moja chumba cha kufungashia. Ndani yake mlikuwa na suruali zilizokwisha kushonwa kila kitu, mfano mmoja na zao, rangi moja, vifungo vilevile. Meneja aliwaambia lebo zake zimekosewa, wazitoe, washone za kiwanda. Walikuwa wanawake sita, wakashona siku mbili. Alipofika hapo kicheko kilikuwa kimeshamwisha mwenyewe.

"Lebo ya zamani ilisema zimeshonwa wapi?" Mama Mfuko aliuliza.

Wifi alitaja nchi ya Wenye Kitambaa. Kisha wote wawili wakawatazama watoto waliokuwa wanafanya kazi za shule mezani. Mama Mfuko akamwambia wifi yake anyamaze, na yeye mwenyewe akanyamaza wiki tatu. Hapa sitamtetea. Alijua kuliko mtu yeyote pale kiwandani kwamba zile katoni zimebadilishwa lebo ili kukwepa ushuru, maana ndiye aliyekuwa anasikiliza redio, na aliogopa. Mtu mwenye watoto watatu kichwani anaruhusiwa kuogopa, ila asijidanganye kwamba woga huo ni busara, na yeye hakujidanganya. Usingizi ulimpaa.

Wiki ya nne kontena tatu za kiwanda zilizuiwa bandarini. Siku ya pili yake akaingia mkaguzi kutoka kwa Wenye Oda, mama wa makamo, mkavu, aliyevaa viatu vya kutembelea na kubeba chupa yake ya maji. Cherehani zikazimwa. Wafanyakazi mia saba wakatolewa uani, wakakaa chini ya ukuta wakisubiri, na wanaojua ukimya wa kiwanda kilichozoea kelele watajua wale watu walikuwa katika hali gani. Mkaguzi alikuwa na suruali mia mbili alizozichomoa ovyo kwenye kontena zote tatu. Alizipanga kwenye meza kubwa ya kukatia kitambaa, akazizunguka siku tatu. Alipima uzi, alipima zipu, alikata kipande hiki na kile. Suruali zilikuwa sare kabisa, maana waliozishona huku na waliozishona kule walifuata kitabu kimoja na kutumia kitambaa kimoja. Makaratasi ya meneja yalikuwa safi mno, na mkaguzi alikuwa ameshaona makaratasi safi maishani mwake.

Alasiri ya siku ya tatu, karani aliyekuwa anamtafsiria alitoka nje akaja uani, akatangaza. Mkaguzi anaamini suruali za Wenye Kitambaa zimechanganywa humo. Kama kesho saa sita mchana hakuna wa kumtenganishia zipi ni zipi, kontena zote tatu zitakataliwa, na kiwanda kitafutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuuza kule. Kufutwa kwenye orodha ile ni kufunga mlango, kila mtu alilielewa hilo bila kutafsiriwa.

Mama Mfuko aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaenda ofisini kwa meneja. Alimwambia anaweza kuzitenganisha, na akamweleza kuhusu sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikwenda kwanza kwake, alisema, ili meneja aseme mwenyewe habari za katoni kabla hazijasemwa na mtu mwingine. Meneja hakumfokea. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na aliongea kama mtu aliyepata mahali pa kutua mzigo. Wenye Kitambaa walimwambia apitishe zile katoni, la sivyo asahau kitambaa. Wenye Oda walitaka mzigo mwezi uleule kwa bei ileile, wasingojee hata siku moja. Bila kitambaa angefunga kiwanda, bila oda angefunga kiwanda.

"Wewe mama ungefanya nini?"

"Labda ningefanya kama wewe, mwanangu. Lakini leo ningesema."

Meneja alitikisa kichwa, akamwambia aende nyumbani.

Nyumbani Wifi alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Mama Mfuko alimweleza anachokusudia kufanya kesho. Wifi aliendelea kuchagua mpaka alipomaliza upande mmoja wa sinia.

"Ukishaitoa mifuko nje, swali linalofuata ni lebo kashona nani. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Jibu halitatoka kwangu, wifi. Wanikate kichwa."

"Litatoka tu. Tuko sita mle ndani. Nyumba hii inakula mishahara miwili, unataka tubaki na mmoja?"

"Nisipokwenda hatubaki na hata huo mmoja. Na si sisi tu, kuna watu mia saba pale."

"Hao mia saba hawali hapa," Wifi akasema, akaenda na sinia yake jikoni. Usiku ule hawakutaniana. Watoto waliliona hilo haraka kuliko wangeona paa limetoka, wakalala mapema bila kuambiwa.

Asubuhi Mama Mfuko alivaa gauni lake la kwenda kwenye shughuli za watu, akafunga kitambaa kichwani, akapita katikati ya wenzake uani mpaka ndani ya jengo. Mlinzi alimwuliza anakwenda wapi, akajibu anakwenda kazini. Kwa kuwa ilikuwa kweli na alizoea kumjibu hivyo miaka yote, mlinzi akampisha.

Mkaguzi alikuwa mezani na karani. Meneja alikuwa amesimama dirishani. Mama Mfuko alisalimia, akaomba ruhusa, akavuta suruali ya kwanza. Aliingiza mkono, akautoa mfuko nje, akagusa kona.

"Hii ya Mama Pacha."

Akavuta ya pili. Ya Mrefu. Ya tatu, yake mwenyewe. Ya nne aliitazama, akaigusa kona zote mbili, akaiweka peke yake upande wa pili wa meza. Mkaguzi aliuliza kupitia karani ile ni ya nani. Akajibu kwamba hajui, mwanamke huyo hajawahi kukaa naye, ila ana mkono mzuri.

Karani akatafsiri. Mkaguzi aliweka chupa yake ya maji chini. Alikuwa mjuzi wa kazi yake, tumpe haki yake, na hakuyumbishwa na maajabu. Alimwambia Mama Mfuko akae kando, akazichanganya tena suruali zilizokwisha kutengwa pamoja na nyingine, akaagiza aletwe Mrefu kutoka uani, na hao wawili wasisemezane. Mrefu aliingia, akaambiwa atafute alizoshona yeye. Aliutoa mfuko wa kwanza nje, akamtazama Mama Mfuko, naye akatazama dari. Basi akafanya kazi. Alichomoa suruali saba. Mkaguzi akazichanganya upya, na Mama Mfuko, aliyekuwa amegeuzwa kutazama ukuta wakati wa kuchomoa, alipoitwa alichomoa zilezile saba. Akaletwa Mama Pacha, mambo yakawa yaleyale.

Wakaendelea mpaka karibu saa tano na nusu. Mwisho wa yote, meza ilikuwa na mafungu mawili. Suruali mia moja sitini na moja zilikuwa na wenyewe, kila moja ikijulikana kwa jina la mwanamke aliyekuwa amekaa uani wakati ule. Thelathini na tisa hazikuwa na mwenyewe. Mkaguzi alilizunguka fungu kubwa, akaitoa mifuko mwenyewe, akapitisha kidole chake kwenye kona moja baada ya nyingine. Alikuwa amezikagua suruali zile siku tatu na hakuwahi kutazama mahali pale. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, mishono hii ya ziada imeruhusiwa na nani? Mama Mfuko akajibu kwamba imeruhusiwa na yeye. La pili, hizi thelathini na tisa, lebo zake zimeshonwa na nani?

"Mimi nimekuja kusema habari za mifuko," Mama Mfuko akasema.

Karani akatafsiri. Mkaguzi akarudia swali polepole, akaongeza kwamba bila jibu hilo kazi yote ya asubuhi haina faida, kwa sababu hawezi kuandika kwamba lebo zilijishona. Saa ya ukutani ilikuwa mbele ya Mama Mfuko na alikuwa anauona mshale ukisogea. Watu mia saba walikuwa nje, na jina moja lilikuwa ulimini, na hakulitoa. Jasho lilimtoka mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa. Wanaosema kwamba yule mama hakuogopa siku ile hawakumwona.

"Nimeshona mimi."

Wifi alikuwa mlangoni. Alikuwa ameingia wakati Mama Pacha anatoka, na hakuna aliyejua amesimama pale muda gani. Alikuja mpaka mezani, akachukua suruali moja katika zile thelathini na tisa, akaonyesha kiuno.

"Lebo hii ni mkono wangu. Niliambiwa nishone, nikashona. Andika."

Hakutaja mwingine. Wale watano wa chumba chake walikuwa uani, na uani ndiko walikobaki. Mkaguzi aliuliza aliambiwa na nani. Wifi alimtazama meneja, akamtazama tu, na nadhani lile jicho lilimwingia kijana kuliko kelele. Aliondoka dirishani.

"Na mimi," akasema. "Aliambiwa na mimi."

Kiwanda hakikufungwa. Wanawake thelathini wa laini ya mifuko walipelekwa kwenye ghala la bandarini, wakakaa siku sita wakitoa nje mifuko ya suruali elfu arobaini na ushei, wakitenganisha zao na zisizo zao. Wale waliokuwepo wanasema vidole gumba viliota sugu, na kwamba hawajawahi kucheka kama walivyocheka siku zile. Zao zikapakiwa, zikaenda. Faini ilitozwa, na meneja akaondoka na boksi lake la vitu vya ofisini.

Wiki hiyohiyo redio ilitangaza kwamba wakubwa wamekutana. Walikaa meza moja, wakapeana mikono mbele ya kamera, wakapunguziana ushuru kwa miezi kadhaa wakati mazungumzo yanaendelea. Kila upande ulisema umeshinda. Mama Mfuko alisikiliza mpaka mwisho, akaizima redio, akasema wamekumbuka chumvi.

Barua kutoka kwa Wenye Oda ilifika mwisho wa mwezi, ikiwa na mambo matatu. La kwanza, kiwanda kimebaki kwenye orodha. La pili, Mama Mfuko apewe onyo la maandishi kwa kusimamia mshono usioruhusiwa kwa miaka kumi na mmoja, na kuanzia sasa kila mfuko ufungwe kwa kurudi mara mbili, basi. Onyo hilo alilipokea kwa mikono miwili, akalikunja, na laini ikatii. Imetii kwa muda gani, waulizwe wenyewe. La tatu, mfanyakazi aliyekiri kushona lebo aachishwe kazi mara moja.

Aliyekiri alikuwa mmoja. Watano walionyamaza waliendelea na kazi, na mpaka leo wako mle chumbani. Mama Mfuko aliwachukua wenzake ishirini wakaenda kwa meneja mpya kumwombea Wifi. Meneja mpya aliwasikiliza kwa adabu, akawaambia jina limo kwenye ripoti, na ripoti iko ng'ambo, yeye hana la kufanya. Walirudi kwenye cherehani zao. Oda mpya ilikuwa kubwa na zamu ya asubuhi ilirudishwa saa moja nyuma.

Siku hiyo Mama Mfuko alitembea kurudi nyumbani polepole mno. Wifi alikuwa jikoni, ameshapika, na watoto walikuwa wamekula. Barua ya kuachishwa ilikuwa kwenye rafu, karibu na redio, imefunguliwa. Mama Mfuko alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Nimekuponza, wifi."

"Umeniponza," Wifi akasema. Alimwekea sahani mbele, akamwekea na maji ya kunawa, akakaa chini mkabala naye. "Kesho mnaingia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Basi lala bila wasiwasi. Nitakuamsha mimi."

Na alimwamsha, kesho yake na kila siku iliyofuata, saa kumi kamili, chai ikiwa tayari mezani.